Na Wote Ambao Sikuwataja

Dada yangu Feza alituma ujumbe kwenye kundi la familia asubuhi, nikiwa dukani nafungua katoni ya sabuni. Aliandika: "Bonjour, nawasalimia wote." Basi. Akaweka na ua moja jekundu, lile ambalo kila mwenye simu analo bure. Nilisoma, nikalaza simu kifudifudi juu ya meza, nikaendelea kukata katoni kwa kisu. Mteja wangu wa kwanza, mama anayenunua chumvi kila siku, akaniuliza nani amenikasirisha mapema hivyo. Nikamwambia hakuna mtu. Na ni kweli, maana "wote" si mtu.

Mwenzangu unayesoma hapa, kama umri wetu unakaribiana na ulikulia pwani hii ya ziwa, sina haja ya kukueleza sana. Unajua kusalimiwa kulikuwa nini. Lakini kwangu mimi neno hilo lina kidonda chake, na harufu ya sabuni iliyotoka kwenye katoni ile ndiyo iliyokitonesha.

Barua za Baba zilinuka sabuni. Aliondoka Uvira nikiwa bado tumboni mwa Mama. Alipanda boti Kalundu kwenda Kalemie, na toka Kalemie akaendelea mpaka Lubumbashi kutafuta kazi, na nadhani kazi nayo ilimtafuta, maana hakurudi. Barua zake zilishuka kwa mikono ya watu hadi Kalemie, na pale alizipokea Baba Hawa, jirani yetu wa mtaa wa Nyamianda, mfanyabiashara Mwislamu ambaye babu zake walikuwa watu wa biashara ya ziwa tangu zamani. Baba Hawa hakuamini mfuko wa koti wala mfuko wa plastiki, kwa sababu boti zilirusha maji. Alifungua katoni ya sabuni, akasukuma barua katikati ya vipande, akafunga tena kwa kamba. Alikuwa akisema kwamba siku maji yatakapofika katikati ya katoni, yeye mwenyewe atakuwa ameshafika kwa Mungu.

Barua haikufunguliwa hovyo. Mama alimaliza kwanza kusonga bugali. Nyanya, mama yake Baba aliyekaa nasi, alivaa kitenge cha kutokea kana kwamba mwanawe mwenyewe yuko mlangoni. Feza alinawa mikono, akaifuta kwenye sketi, akapasua bahasha kwa wembe pembeni, polepole, ili tumtazame. Kisha akakohoa. Hakuwa na kikohozi chochote. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, magoti kidevuni, nikiomba kikohozi kile kimshike kweli.

Nilimwonea wivu, sitazunguka. Mama na Nyanya hawakujua kusoma, na mimi nilikuwa mdogo, kwa hiyo Feza ndiye aliyekuwa mdomo wa Baba. Bahasha iliandikwa jina lake. Mama yangu mwenyewe aliitwa Mama Feza na mtaa mzima. Nikipotea sokoni, watu walinishika mkono na kusema huyu ni mutoto wa Mama Feza, na nilirudishwa nyumbani kwa jina la mwingine. Hata kidole chake nilikitamani. Kilikuwa na sugu ndogo pale biki ya kuandikia inapokaa, na mimi nilikuwa nikibana kipande cha kijiti kwenye kidole changu mpaka kiniume, ili nami niote sugu.

Baba aliandika habari kidogo na salamu nyingi. Alikuwa mzima, kazi ilikuwa ngumu, Mungu alikuwa anasaidia, na baada ya hapo yalifuata majina mpaka chini ya karatasi. Alianza na Nyanya, kwa heshima. Akaja Mama. Akaja Feza. Kisha baba mdogo wa Luberizi na ng'ombe wake. Ndiyo, aliwasalimia na ng'ombe, kwa sababu wawili walikuwa wake. Kisha pasta, kisha Baba Hawa na mke wake, kisha Mama Zawadi wa ng'ambo ya barabara aliyetuuzia makaa. Kila aliyetajwa naye yupo aliitika kwa sauti, kama vile Baba anamsikia. Na pale mwisho, nilipokuwa nimeshaanza kuuma kucha, Feza alishusha karatasi kidogo na kusema, "Na Sifa."

Sifa ni mimi. Niliitika kama wengine, lakini kwa shingo upande.

Kichwani mwangu salamu zile zilikuwa foleni ya robine. Kila asubuhi tulipanga bidon zetu pale bombani, na kila mtu Nyamianda alijua kwamba wa mbele anachota maji mengi na wa mwisho anasubiri mpaka bomba linapiga mluzi mtupu. Basi nikaamini kwamba mapenzi ya Baba yalitoka vilevile, kwa mpangilio, na kwamba yakifika kwangu yalikuwa yamebaki matone. Nyanya awe wa mbele, sawa. Mama, sawa. Lakini ng'ombe wa Luberizi wanipite mimi?

Nilianza kupigania nafasi. Mama alipokuwa akisema majibu na Feza akiandika, mimi nilijisogeza na kudai mstari wangu. Mwambie Sifa ameshika nafasi ya kwanza darasani. Mwambie Sifa anabeba bidon kubwa bila kumwaga. Mwambie Sifa ameng'oka jino. Feza aliguna, lakini aliandika. Niliona mkono wake ukienda. Na barua iliyofuata, baada ya majira mazima ya mvua, ilileta kitu ambacho nilikaa nacho miaka. Feza alisoma majina yote, akafika mwisho, akasema, "Na Sifa. Jino lile ulirushe juu ya nyumba, litaota lingine zuri." Nilikuwa bado nalo, nimelifunga kwenye kitambaa. Nilitoka nje mbio, nikalirusha juu ya mabati, likadunda na kurudi, nikalirusha tena. Siku ile nilitembea Nyamianda nzima nikiambia watu kwamba baba yangu ameniandikia. Bado nilikuwa wa mwisho, lakini ng'ombe hawakuwahi kuambiwa kuhusu meno yao.

Halafu ikaja siber. Kijana mmoja alifungua chumba kando ya barabara kubwa, akaweka ordinateri, yaani kompyuta, kadhaa na jenereta iliyotikisa ukuta wa jirani. Baba naye, kule Lubumbashi, alipata rafiki wa ofisini aliyemwonyesha njia ya kutuma maneno siku hiyohiyo. Feza akafunguliwa anwani ya barua pepe. Kwa jina la nani? La kwake, bila shaka. Alirudi nyumbani na neno la siri ambalo hata Mama hakuambiwa, na alitembea siku ile kama aliyekabidhiwa funguo za mji.

Barua ya kwanza ya aina hiyo alikuja nayo imechapishwa kwenye karatasi nyeupe. Nyanya alivaa kitenge chake. Akaomba ashike karatasi kwanza, kama alivyozoea, akaipapasa kwa kidole gumba, akainusa, akamrudishia Feza. Karatasi haikuwa na mikunjo wala harufu. Feza hakuwa na bahasha ya kupasua, lakini alikohoa vilevile.

Akasoma. Baba ni mzima, kazi inaendelea. Na salamu: Nyanya, Mama, Feza, baba mdogo na ng'ombe wake, pasta, Baba Hawa na mke wake, Mama Zawadi. "Na Sifa." Watu wakaitika. Nyanya akasema kumbe mashine nayo ina adabu.

Wakati huo nilikuwa nimeshajua kusoma. Nilikuwa nimejifunza kwa hasira, kwa maandishi ya mifuko ya unga, na nilikuwa nyuma ya bega la Feza kwa makusudi. Karatasi nzima ilikuwa na mistari mitatu. Feza, niko salama. Kazi inaendelea. Wasalimie wote.

"Feza," nikasema, "soma tena. Weka kidole."

Mama akaniambia niache ujinga. Nyanya akasema, "Muacheni mutoto aone." Feza alinitazama. Najua sasa kwamba alijua ninajua. Aliweka kidole chini ya neno la mwisho, wote, na akaanza upya, ila safari hii alianza na mimi. "Sifa," akasema. Kisha Nyanya. Kisha Mama. Kisha yeye mwenyewe, na baba mdogo, na ng'ombe, na pasta, na wote wale, na kidole hakikusogea hata kidogo.

Utadhani nilipiga kelele. Sikupiga. Nilikuwa nimetajwa wa kwanza, mbele ya Nyanya, na utamu wake ulinifunga mdomo. Na tena, nilikuwa na akili ya kitoto. Niliamua kwamba ordinateri inakunja majina yote ndani ya neno moja, kama Baba Hawa alivyokunja barua ndani ya sabuni, na kwamba mwenye anwani na neno la siri ndiye anayejua kulifungua. Feza alijua, mimi sikujua. Basi wivu ukapata chakula kipya.

Kesho yake niliiba ile karatasi mezani, nikaenda siber. Nilimwomba yule kijana anifungulie neno lile, nione jina langu liko wapi humo ndani, na kama kweli ni la kwanza. Alipindua karatasi, akaitazama mbele na nyuma. Hakucheka, nashukuru mpaka leo. "Mutoto," akasema, "hii ni neno tu. Haiko na kitu ndani."

Nilimkuta Feza ziwani akisugua sufuria kwa mchanga, sketi ameikunja magotini. Nilimrushia karatasi. Ilianguka kwenye maji ya pembeni, na yeye akaiokota na kuitandaza juu ya jiwe ikauke, bila haraka, kitu kilichonichoma zaidi. Nikamwambia ni mwongo, anaiba mdomo wa Baba, nitamwambia Mama.

"Mwambie," akasema. "Halafu jioni Nyanya avae kitenge asikie nini? Wasalimie wote?"

Nikauliza kama zile za zamani, za mkono, nazo alikuwa akitunga. Akasema hapana, majina yale Baba aliyaandika mwenyewe, moja moja, na ng'ombe wake. Akaendelea kusugua. Nikauliza langu.

"Yako hajawahi kuandika," akasema. "Mwisho wa barua anaandikaga 'na wote ambao sikuwataja.' Miye nikifika pale, nasoma Sifa."

"Hata ile ya jino?"

"Hata ile ya jino."

Nikamuuliza sasa kwa nini mwisho, kama yeye ndiye aliyekuwa akiniweka, kwa nini hakuniweka mbele hata mara moja. Akasema Baba alipanga majina yake yakafuatana, hakukuwa na mlango wa kuingilia. Pale mwisho ndipo palikuwa wazi. Alisema hivyo kama anavyoeleza mtu kwa nini ameweka sufuria hapa na si pale. Kisha akanipa sufuria moja nisugue.

Ungetaka nikuambie kwamba nilimkumbatia. Wapi. Nilikaa kwenye jiwe na wivu wangu ukavimba kuliko siku zote. Kumbe huyu alikuwa na Baba anayemwandikia jina, na juu ya hapo alikuwa na jina langu la kugawa apendavyo. Mimi sikuwa na kitu, hata jino halikuwa langu. Nilimwonea wivu hata kwa wema wake, maana nao aliupata bila kuuomba, kama alivyopata mwandiko mzuri. Sikusugua ile sufuria.

Nilichofanya ni kuandika. Nilichukua biki yake, nikachana karatasi mbili katikati ya daftari langu la shule, lile la dikte, na nikamwandikia Baba barua yangu mwenyewe. Sikumwomba viatu wala sare. Nilimwambia ninaitwa Sifa, ni mtoto wake aliyezaliwa nyuma yake, ninajua kusoma sasa, na ninamwomba kitu kimoja tu, aandike jina langu kwa mkono wake kwenye karatasi. Nilimsalimia Baba peke yake, ili ajue kwamba inawezekana kumsalimia mtu mmoja. Nilimpelekea Baba Hawa, naye hakuniuliza kitu; alichukua katoni, akaisukuma katikati ya vipande vya sabuni kama barua ya mtu mzima. Iliondoka Kalundu, na mimi nikaanza kusubiri.

Nilisubiri muda mrefu. Kila boti iliyotajwa kuwa imefika toka Kalemie, nilikaa mlangoni kwa Baba Hawa mpaka mke wake akazoea kunipa chai. Hakuna bahasha iliyotoka tena kwenye sabuni. Baba alikuwa ameshazoea njia ya mkato. Jibu lilikuja na Feza, jioni, kwenye karatasi nyeupe ya siber, na safari hii nilikuwa mbele yake, si nyuma, kwa sababu sikutaka kuona.

Lakini nuru ya dirishani ilipita kwenye karatasi ile nyembamba, na maneno yalikuwa machache mno kujificha. Hata yakiwa kinyumenyume niliyasoma. Nimepata barua ya mtoto. Anaandika vizuri. Wasalimie wote.

Feza alikohoa. Safari hii kikohozi kilikuwa cha kweli. Alinitazama juu ya karatasi, na nikaelewa kwamba ananiuliza. Ningeweza kutikisa kichwa. Ningeweza kusema weka kidole. Mama alikuwa amekaa, Nyanya amevaa kitenge.

"Nimepata barua ya Sifa," Feza akasoma.

Nikaitika. Niliitika kwa sauti kubwa, Nyanya akacheka, na Feza akaendelea kusoma majina yote, moja moja, mpaka kwa Mama Zawadi.

Baba alifia Lubumbashi, akiwa na nyumba nyingine na watoto wengine ambao bila shaka alijua majina yao. Habari ilikuja kwa simu. Barua zake zilikuwa kwenye sanduku la Mama, na ziwa lilipopanda likaingia kwenye nyumba za chini, likazikuta. Mama alizianika juani, lakini wino ulikuwa umeshaondoka. Baba Hawa hakuwepo tena wa kumkumbusha habari ya sabuni. Kwa hiyo hata nikitaka leo kwenda kutafuta kama labda, kwenye barua moja tu, mkono wake uliteleza ukaandika Sifa, siwezi. Nina neno la Feza peke yake.

Na huyu Feza ndiye aliyeniandikia "nawasalimia wote" na ua jekundu. Feza, mtu wa Kalemie sasa, mke wa mtu, mwenye simu kubwa kuliko yangu. Niliinua simu pale dukani mteja alipoondoka, nikampigia. Nikamwambia achague mtu mwingine wa kumwita wote. Akacheka, akasema bado weye, Sifa, bado tu. Nikamwambia aniandikie barua, kwa biki, kwa mkono, na majina, na aipe boti. Akasema ana kazi, ana wajukuu, mkono unamuuma. Nikamwambia hata mimi kidole kiliniuma, na sugu sikupata.

Barua ilifika Kalundu mwezi uliofuata, na motari akaniletea dukani kwa pikipiki yake, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, bila harufu ya chochote. Nilinawa mikono. Niliipasua pembeni kwa wembe, polepole, ingawa hakukuwa na mtu wa kunitazama. Mwandiko wake bado ni mzuri kuliko wangu, na nilikasirika kidogo kwa hilo kabla ya kusoma neno la kwanza.

Habari kidogo, salamu nyingi. Alianza na Mama, ambaye anakaa kwangu sasa. Akasalimia watoto wangu kila mmoja kwa jina lake, hata yule ambaye hajawahi kumwona. Akasalimia watoto wa Baba Hawa, na binti yake Mama Zawadi anayeuza makaa pale pale, na baba mdogo wa Luberizi, na ng'ombe wake kama bado wapo. Niliteremka na majina yale mpaka chini ya karatasi, nikiuma kucha na uzee huu. Na kule mwisho kabisa, nyuma ya ng'ombe, akaandika: na Sifa.

Baada ya hapo hakuandika "na wote". Niligeuza karatasi nihakikishe. Nyuma kulikuwa kweupe.